Kitufe cha Kunyamazisha

Nimeinunua kwa Nkwabi, nyuma ya soko kuu,
rimoti ya elfu nane. Boksi linajigamba
inawajua wote: televisheni, redio, king'amuzi, feni.
Nkwabi akacheka. "Inawajua wote,
ila wewe ndiwe wa kuitambulisha."

Isevya umeme umerudi saa mbili kasoro.
Mama yuko chumbani, mlango wazi, mguu juu ya mto.
Mimi sakafuni na kijitabu chembamba kama karatasi ya sigara,
safu kwa safu, tarakimu nne nne.
Kodi, kimeandika. Nami kwanza nikawaza ya pango.

Televisheni yetu haimo.
Baba aliinunua mnadani, hoteli ya reli ilipouza vyombo vyake.
Jina limesuguliwa, imebaki O
na mguu mmoja wa herufi nyingine.
Nimejaribu 0013. Nimejaribu 1150.
Kwa 0427 king'amuzi kikazimika,
nacho hakuna aliyekiita.

Ukurasa wa mwisho, kwa maandishi ya sisimizi:
kama kodi haipo, ifundishe.
Zilaze rimoti mbili kichwa kwa kichwa,
vidole viwili kati yao.
Shikilia FUNZA mpaka taa nyekundu itulie.
Bonyeza kitufe kipya, kisha cha zamani,
ngoja taa ikonyeze mara mbili.

Nikaitoa ya Baba kwenye droo,
betri zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
nikazilaza mkekani
kama mjukuu aliyepelekwa kumwamkia babu mgonjwa.
Washa: ikakonyeza. Ongeza: ikakonyeza.
Punguza, mbele, nyuma, sifuri mpaka tisa.
Kile chekundu, kisichokuwa na kazi, nimekipa redio,
maana Mama usiku hasomi herufi,
anasoma kwa kidole gumba,
na chekundu kina kinundu.

Kikabaki kimoja. Spika iliyochorwa mkwaju.
Nikabonyeza. Taa ikakodoa tu,
yaani: sijasikia.
Nikachukua simu, kamera kwenye jicho la rimoti
(kamera huona nuru tusiyoiona sisi).
Kila kitufe kilitoa cheche ya zambarau,
isipokuwa hiki.

Nikaifungua kwa kisu cha kumenyea viazi.
Chini ya mpira kila kitufe kina doa jeusi, zima.
La huyu limelika,
jeupe kama kisigino.

Sikuhitaji kuuliza limelikaje.
Taarifa ya habari, Baba kwenye kiti cha waya,
na Mama, kule jikoni, akifungua kinywa tu,
iwe ni chumvi, iwe ni kuku wa jirani,
mtangazaji anabaki kuchezesha midomo.
Miaka ishirini na sita.
Vita, mafuriko, mawaziri, bei ya tumbaku,
wote walisubiri Kalunde amalize.
Sisi watoto tulichukia. Tulikosa magoli.
Neno tamu hatukumsikia akimwambia, hata siku moja.

Karatasi ya fedha ya jojo.
Nimekata kipande, kucha ya mtoto mchanga,
tone la gundi, nikapuliza, nikahesabu mpaka mia,
sabini na kitu nikashindwa kuvumilia.
Mbele ya kamera: zambarau.
Mbele ya ile mpya: ikakonyeza mara moja,
ikafikiri,
ikakonyeza tena.

Habari zimeanza. Tumbaku, tena tumbaku.
"Nyamizi," Mama akaita,
na kidole kikaenda chenyewe.
Mtangazaji akabaki anatafuna hewa.

Mama naye akanyamaza. Kitambo kizima.
Kisha, kwa sauti ndogo kuliko aliyoanza nayo:
"Ah.
Nilikuwa nasema, sukari imekwisha."